Karate ya Binti Yangu na Matofali ya Directeur

Mtu akinijia leo na maneno matamu ya karate ya watoto, eti inawapa watoto kujiamini, namwambia akae chini kwanza. Siyo kwamba anadanganya. Ni kweli tupu, na shahidi ni mimi, niliona kwa macho yangu. Kinachonichoma ni namna watu wazima wanavyolitamka hilo neno, kujiamini, wakiwa wamekaa vizuri kwenye viti vyao. Utafikiri ni nguo ya Noeli: mtoto anavalishwa, anatazamwa, anapigiwa makofi, halafu jioni anaambiwa avue.

Binti yangu alipofika hapa Bunia alikuwa bado mdogo, meno mapya ya mbele hayajaota yote, na hakuwa anaongea. Bubu hakuwa. Alikuwa ananong'ona. Tulishuka kutoka milima ya Djugu, upande wa Kpandroma, wakati watu wa kwetu walipoanza kukimbia vita, na njiani tulilala porini pamoja na jamaa wengine. Kule porini mtoto akilia anaweza kuuza roho za watu wote. Basi watoto walifundishwa kufunga mdomo, na wangu alifundishika kuliko wenzake wote. Tulipofika mjini, wale wengine walianza tena kelele zao za kitoto, kulia, kugombana, kuimba. Wangu alibaki kule kule porini. Akitaka maji ya kunywa anakuja mpaka kwenye sikio lako. Akiungua na sufuria, machozi yanatoka, sauti hapana.

Baba yake alikuwa Mongbwalu kwenye machimbo ya dhahabu, anakuja Noeli, kama anakuja. Mimi nilipata meza sokoni nikawa nauza samaki wakavu wa kutoka Tchomia. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu nyumbani, mmoja anapiga kelele kutwa nzima sokoni, mwingine ananong'ona. Majirani walicheka. Walisema mimi nimekula sauti ya mtoto wangu. Nilicheka nao, lakini likinikuta peke yangu neno lile lilikuwa linaniuma mpaka basi.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwalimu anauliza, mtoto anajibu, jibu halifiki hata kwenye benchi la pili. Anaandikiwa kwamba hajui. Nilienda kumwona mwalimu na hasira zangu zote, nikamwambia huyu mtoto anajua, nyumbani ananihesabia samaki kunishinda. Yule mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alinitazama kama mtu aliyechoka, akasema, "Mama, siye tuko na batoto wengi sana mu kilasi. Kitu sisikie, nitaipima namna gani?" Nikarudi kwa samaki wangu.

Jumamosi, siku ya posho kama tunavyosema huku, uwanja wa shule hiyo hiyo ulikuwa unatumika kwa karate. Directeur wa shule aliwaruhusu. Mwalimu wa karate watoto walimwita Maître. Nilipoenda mara ya kwanza nilitegemea kukuta jitu, shingo nene, kifua kama mlango. Nikakuta mwanaume mwembamba, fundi wa kutengeneza pikipiki, mafuta meusi bado yamejaa kwenye kucha, na sauti ya chini ya mtu mwenye adabu. Nikasema moyoni, haa, huyu naye atamfundisha nani kitu?

Nikamwambia wazi: "Maître, mimi sitake huyu mutoto ajue kupiga watu. Nataka tu nisikie sauti yake."

Akajibu, "Kupiga iko kazi ndogo, Mama. Hii yako njo kazi."

Kimono hatukuwa nayo. Nilitafuta mifuko ya unga, ile myeupe ya kitambaa, nikaifua mpaka maandishi yakafifia, fundi wa sokoni akashona. Mgongoni yalibaki maneno ya kampuni ya unga, ukikaza macho unayasoma. Watoto wengine walikuwa hivyo hivyo, mmoja mchele, mwingine sukari, kwa hiyo hakuna aliyemcheka mwenzake.

Sasa niseme namna yule mtu alivyokuwa anafanya kazi, kwa sababu hapo ndipo yote yalipotokea. Kwanza alifundisha kusimama. Siku nzima, kusimama tu, miguu imara, mgongo wima. Halafu alifundisha kutazama. Na hapa wazazi walianza kunung'unika, maana huku kwetu mtoto akiongea na mkubwa anatazama chini. Akiinua macho, huyo ni mkaidi, amelelewa na nani? Maître akawaambia watoto: mtu akiongea na weye, mutazame ku macho, usitazame viatu yake, viatu haiongeake. Wakarudi nyumbani wanatutazama machoni. Baba mmoja alimpiga mwanawe kofi kwa sababu hiyo, halafu akaja uwanjani kumlaumu Maître, na Maître akamsikiliza mpaka mwisho, akimtazama machoni.

Mama mmoja wa kanisa letu alinishika mkono njiani, sura imejaa huruma, akaniuliza kama ile kuinamisha kichwa wanayofanya mwanzo wa karate si kuabudu mapepo. Nikamwambia, "Mama, weye unainamia sahani ya fufu kila siku, na hatujasema unaabudu mihogo." Alikaa muda mrefu bila kunisalimia.

Lakini kitu kikubwa cha Maître kilikuwa mwisho wa mazoezi. Watoto wanapiga magoti kwa mstari. Siyo magoti ya adhabu yale ya shuleni, kichwa chini, mikono juu, machozi kwenye vumbi. Hapana. Wanashuka polepole, mgongo wima, mikono imelala kwenye mapaja, macho mbele. Halafu mmoja mmoja anasema kwa sauti kitu alichokiogopa wiki ile. Ni hivyo tu. Anasema, hakuna anayecheka, zamu inapita. Niliogopa choo ya shule, iko na nyoka. Niliogopa ubao. Niliogopa mulio ya risasi. Niliogopa Papa alirudia na pombe. Eh! Hiyo ya pombe ilileta maneno mtaani, wazazi wakasema karate inatoa siri za nyumba nje. Na mwisho kabisa, baada ya watoto wote, Maître naye anapiga magoti mbele yao na kusema ya kwake. Niliwahi kumsikia akisema aliogopa kwenda kuona daktari wa meno. Watoto walimsikiliza kama wanavyosikilizana, bila kucheka, na mimi niliyekuwa nimesimama kwenye ua ndiye niliyecheka, nikaona aibu.

Zamu ya binti yangu ilipofika, siku nyingi, midomo ilitikisika tu. Maître hakumharakisha. Alingoja, akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia, akapita kwa mwingine. Nilikuwa nasimama kule kwenye ua, najisemea leo, leo atasema. Hasemi. Tunarudi nyumbani. Niliwaza kumtoa. Niliwaza pia kumtikisa mabega na kumpigia kelele, Mungu anisamehe, kwa sababu hasira zangu hazijui mahali pa kwenda.

Halafu siku moja, jua kali, mimi nimechoka na wala sikuwa natazama vizuri, nikasikia sauti ya mtoto nisiyemjua. Nyembamba, imekwaruza kidogo, lakini imevuka uwanja mzima mpaka kwangu. "Niliogopa mbwa ya jirani." Nikageuka kuona ni nani. Alikuwa wangu. Wala hakuwa anatazama chini. Maître alitikisa kichwa vile vile kama siku zote, zamu ikapita. Mimi niliketi pale pale chini, kwenye vumbi, na kitenge changu kisafi, nikalia kama mtu aliyefiwa. Furaha ile, sijui niiseme namna gani. Sijawahi kupata nyingine kama hiyo, na simdai Mungu nyingine.

Baada ya hapo alifunguka. Kilasi ya tano alisoma mbele ya wenzake, mwalimu akaniita kuniambia. Sokoni akaanza kunisaidia baada ya shule, na hapo ndipo nilipojua nimezaa nani. Mwanaume mzima anaminyaminya samaki mmoja mmoja bila kununua, mtoto anamtazama usoni na kumwambia kwa adabu zote: "Papa, samaki ile unafinya, kuna mwingine atakula." Watu walicheka mpaka meza ya vitunguu. Wakaanza kuniita Mama Karate. Nilijifanya nakasirika. Sikukasirika hata kidogo, nilikuwa natembea kama mke wa gavana.

Sasa tufike kwa matofali.

Directeur wa shule alikuwa anajenga nyumba yake, upande wa chini karibu na kijito. Watoto wa kilasi ya sita walikuwa wanamletea matofali kutoka tanuruni, mchana wa Jumatano, saa za masomo. Jina lake lilikuwa kazi ya mikono. Na kusema kweli, hakuna aliyeshangaa. Sisi wote tulisoma hivyo, tumelima mashamba ya walimu, tumewachotea maji. Ni kawaida. Wazazi tulinung'unika majumbani, kwamba hawa ni kilasi ya sita, wana mtihani wa mwisho wa msingi, watasoma saa ngapi? Binti yangu alikuwa anarudi na ngozi ya mikono imechunika na vumbi jekundu kwenye nywele. Nilimpaka mafuta ya mawese. Nilienda pia kwa papa mkubwa, mwenyekiti wa komite ya wazazi, kumwambia apeleke neno kwa directeur, akaniahidi atapeleka. Neno hilo labda bado liko njiani.

Kipindi hicho wakaja wageni, watu wa shirika fulani waliotoa mabenchi mapya. Directeur alipanga sherehe. Turubai likafungwa, viti vya plastiki vikaletwa, sisi wazazi tukaitwa tukae nyuma ya wageni tupige makofi. Na kitu cha kuwafurahisha wageni kilikuwa nini? Karate ya watoto. Directeur mwenyewe alisimama na kueleza, kwa Kifaransa kizuri, kwamba hapa shuleni kwake mtoto aliyekimbia vita anapewa tena kujiamini. Shuleni kwake! Maître alikuwa amesimama pembeni na kimono yake iliyopigwa pasi, anatabasamu. Watoto walirusha miguu, wakapiga ngumi hewani, wakapaza sauti zote pamoja mpaka kunguru wakaruka juu ya paa. Wageni walipiga makofi sana. Walipiga picha pia.

Mgeni mmoja, mama mwenye uso wa upole, alimwita binti yangu mbele. Alimchagua kwa sababu alikuwa mdogo kwa mwili na sauti yake ilizidi zote. Akamwuliza kwa Kiswahili karate ilimpa nini. Mtoto akajibu, "Ilinipa kusema." Wageni wakafurahi. Yule mama akainama kidogo, akasema, "Sasa hauogope tena? Basi sema kitu moja ya kweli, na sauti kubwa, batu yote basikie."

Nilimwona binti yangu akifikiri. Hakufanya haraka. Mtoto ameulizwa kitu na mtu mzima, naye anataka kujibu vizuri, ndivyo alivyofundishwa. Akaweka miguu imara, akamtazama yule mama machoni, akasema: "Kila Jumatano siye ya kilasi ya sita tunabeba matofali ya nyumba ya Directeur. Migongo inatuuma. Tunaomba tukuwe tunasoma."

Ingekuwa afadhali angetukana. Tusi, watu wanajua pa kuliweka. Pale chini ya turubai hakuna aliyejua aweke wapi maneno yale. Yule mama wa upole akasema "Merci, merci sana," akarudi kukaa na kuanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake, na hakukipata mpaka sherehe ikaisha. Mwingine akatazama saa. Directeur akacheka, akasema watoto bwana, akaita kwaya iimbe. Na sisi wazazi, tulionung'unika mwaka mzima, kila mmoja akawa anatazama viatu vyake. Mimi nilipiga makofi. Peke yangu. Yalisikika vibaya sana, nikaendelea.

Wageni waliondoka, mabenchi yakabaki, na binti yangu akarudishwa nyumbani: asikanyage shuleni mpaka aje na mama yake.

Tulienda. Ndani ya ofisi alikuwamo directeur, papa mkubwa wa komite ya wazazi, na Maître aliyekuwa ameitwa naye, amevaa shati la kanisani. Directeur hakupiga kelele. Watu wa namna ile hawapigi kelele, wana wengine wa kuwapigia. Akasema hana chuki na mtoto. Anachotaka ni kitu kidogo tu: siku ya kupandisha bendera, mbele ya wanafunzi wote, mtoto apige magoti na kusema kwamba alidanganya. Baada ya hapo ataendelea na masomo, atafanya mtihani wake, mambo yamekwisha.

"Alidanganya wapi?" nikauliza. "Nyumba iko yako ao haiko yako?"

Papa wa komite akanyoosha kiganja. "Mama, tuongee polepole. Kaa kwanza."

"Sikae. Mutoto wako mwenyewe anabeba yale matofali, Papa, na weye unajua!"

"Mama, kaa."

Niliongea mengi, na sikukaa. Lakini nilikuwa naongea na ukuta, na directeur alilijua hilo, akaningoja nichoke. Halafu akamgeukia Maître. Akamwambia kwa upole ule ule kwamba mtoto huyu ni mwanafunzi wake wa karate, na uwanja wa karate ni uwanja wa shule, basi angemwomba naye aseme neno.

Mimi nikapumua. Kweli nilipumua. Nikasema moyoni, sasa utaona, huyu ndiye atamtazama machoni.

Maître alitazama meza. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, piga magoti. Sema tu ulidanganya, iishe."

Binti yangu akapiga magoti. Niliona giza, nikafikiri nimempoteza hapo hapo. Lakini alikuwa anashuka polepole, mgongo wima, mikono imelala kwenye mapaja, macho mbele. Hakumtazama directeur hata kidogo. Alimtazama Maître, kama siku zote za posho. Nikaelewa kabla wao hawajaelewa. Maître amesema piga magoti, na Maître akisema hivyo mtoto anajua zamu yake imefika.

"Niliogopa kusema mbele ya bageni," akasema, sauti safi kabisa. "Nikasema." Akangoja kidogo, kama wanavyongoja mwenzao amalize. "Na weye, Maître, uliogopa nini?"

Aliuliza kweli. Hakukuwa na kiburi ndani yake, wala dharau. Alikuwa anamngoja ajibu, maana siku zote alijibu. Uso wa yule mtu ulibadilika mbele yetu sote, ukawa wa mzee. Midomo ikatikisika, sauti haikutoka.

"Haiko wakati ya ile," akasema mwishoni.

Directeur akasimama. Mtoto huyu ni mkaidi, hana nafasi kwake, na mama yake naye atoke. Tukatoka. Nilifunga mlango ule kwa nguvu mpaka chaki zilizokuwa dirishani zikaanguka, na kama ningeweza kuufunga tena mara ya pili, ningeufunga.

Njiani nilimtukana Maître matusi yote ninayoyajua, ya Kiswahili, ya Lingala, na yale ya kilugha cha nyumbani ambayo hayasemwi barabarani. Binti yangu alinivuta kitenge. "Mama, usimutukane," akasema. "Ni vile tu hakujibu."

Wiki zilizofuata wazazi walikuja mezani kwangu. Mmoja baada ya mwingine, wanajifanya wanachagua samaki, wanainama mpaka karibu na sikio langu, wananong'ona: Mama, mutoto wako alisema kweli. Mara ya kwanza nilishukuru. Mara ya pili niliendelea kufunga samaki. Halafu akaja papa mmoja aliye na mapacha kwenye kilasi ile ile ya sita, naye akainama na kunong'ona, na mimi damu ikapanda. "Sema na sauti!" nikamfokea. "Hapa haiko bendera, haiko directeur, iko samaki tu! Unaogopa samaki?" Soko zima likageuka. Aliacha samaki wake juu ya meza akaondoka mbio, na hakurudi tena kununua kwangu. Na matofali yaliendelea kubebwa kila Jumatano. Nyumba ilipigwa bati, imepakwa rangi, ni nyumba nzuri.

Maître alikuja nyumbani, mchana, kofia ya pikipiki mkononi. Binti yangu alikuwa ametumwa kuchota maji. Tulisimama mlangoni, sikumkaribisha. Akaniambia, akitazama ile kofia: "Mama, niliogopa kupoteza uwanja. Batoto yote wangekosa pa kufanyia. Ningefanya namna gani?" Na hapa ndipo ninapopata shida mpaka leo, kwa sababu hakusema upumbavu. Uwanja mwingine hakuna. Kuna watoto wengine kwenye mstari ule, na baadhi yao nao wamerudisha sauti pale. Nimeliwaza jambo hilo nikisuka, nikipika, nikiwa kanisani, na kila nikimaliza kuwaza, hasira inarudi kukaa pale ilipokuwa.

"Usiniambie mimi," nikamjibu. "Mwambie mwenyewe. Ni yeye aliuliza."

Mtoto akafika na bidoni yake ya maji. Akamsalimia Maître kwa kuinamisha kichwa, kama walivyozoea. Akamletea kiti kidogo, akamchotea maji ya kunywa, akasimama mbele yake akimtazama. Nilikaa kando na kuomba Mungu. Neno moja tu lilitakiwa. Maître akanywa maji. Akaongea juu ya mashindano yanayokuja, jinsi watoto wenzake wanavyomkumbuka, jinsi anavyoweza kurudi uwanjani siku yoyote, directeur hatasema kitu kwa sababu karate siyo shule. Akaongea tena juu ya mashindano. Mtoto alingoja mpaka kikombe kikaisha. Halafu Maître akaaga, akavaa kofia, akawasha pikipiki.

"Amemaliza kusema?" binti yangu akaniuliza.

"Amemaliza."

Akachukua kikombe akaenda kukiosha. Siku ya posho ilipofika hakuvaa kimono, wala hakuitaja. Sikumlazimisha.

Nilimpatia shule nyingine, kule barabara ya kuelekea Tchomia, mbali, anatoka nyumbani umande bado uko. Alirudia kilasi ya sita tangu mwanzo. Nilimwambia asiogope, aseme akiwa na la kusema, mimi niko nyuma yake. Alinijibu ndiyo Mama. Nyumbani anaongea vizuri, siwezi kusema ameharibika. Anaongea kama mtu mzima anayejua nani wa kumwambia nini. Sokoni hawaambii tena wateja maneno, anafunga samaki na kuwapa.

Karibu na Pasaka shule hiyo iliita wazazi kusikiliza maendeleo ya watoto. Mwalimu wake mpya ni mama mmoja mwema, anawapenda watoto kweli, hapigi mtu, na hawatumi watoto shambani kwake. Alitusomea alama za watoto, akaonya huyu, akalaumu yule, kelele, ugomvi, kujibizana. Alipofika kwa binti yangu uso ukamfunguka. Akanitafuta kwa macho kule nilikokaa, akaniambia mbele ya wote:

"Mama, kama batoto yote wangekuwa kama wako, siye walimu tungenenepa. Hasumbue, haulize, hajibizane. Mwaka ya masomo inaenda kuisha, na hatujamusikia hata kidogo."

Wazazi wakageuka kunitazama. Wengine walipiga makofi. Mama mmoja niliyekaa naye benchi moja akaniegemea, macho yamejaa wivu mzuri, akaniomba nimweleze nilifanya namna gani mpaka nikampata mtoto mtulivu namna ile.